Historia Niliyowaandikia Walimu Wangu wa Vitara

Siku ninayoikumbuka zaidi katika ujana wangu, mwanangu, si ile niliyoshinda wala ile niliyooa. Ni asubuhi moja ya mwezi wa Julai, hapa hapa Lushoto. Ukungu umelala juu ya mabati, baridi inauma masikio, nami nimepanda juu ya benchi nabandika karatasi ukutani. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa natamani ardhi ipasuke inimeze.

Kaa vizuri nikusimulie. Wengi mnanijua kama kocha mzee mwenye sauti kavu, ila hamjui nilikotoka, na leo nataka mjue.

Klabu yetu ilikuwa kwenye karakana ya zamani ya useremala, sakafu ya mbao, madirisha mawili yasiyofunga. Mchezo wa vitara uliletwa huku na mzungu mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya misitu. Watu walimwita Bwana Misitu. Vitara vyenyewe ni vyuma vyembamba visivyo na makali, ncha imefungwa kifundo cha mpira, na mchezaji huvaa koti jeupe zito na kofia ya wavu wa chuma usoni. Anayemgusa mwenzake kwa ncha ndiye anayepata alama. Watu wa sokoni walitucheka sana. Walisema tunapigana kwa vijiti vya kuchomea mishikaki.

Bwana Misitu alipomaliza mkataba akarudi kwao, na vifaa vyote akaviacha kwa watu wawili aliowafundisha. Hao ndio waliokuwa makocha wetu. Wa kwanza alikuwa Bi Ester, mama wa makamo, mfupi, Mlutheri wa upande wa Mlalo. Akisimama mbele yako na kitara, humsukumi wala humtikisi. Wa pili alikuwa Kocha Singano, Mwislamu kutoka Magoma, kule chini milima inapoishia; mrefu, mpole, mtu wa maneno machache. Kiganja chake kilikuwa na wepesi wa ajabu. Unaona ncha iko kulia, kumbe imeshakugusa kushoto.

Miaka mitatu walinifundisha watu hao, mwanangu, na hayo niliyokwambia ndiyo yote niliyoyajua juu yao. Sikuwahi kuuliza zaidi.

Basi ikaja barua kutoka Dar es Salaam. Viongozi wa mchezo walikuwa wanazunguka mikoani kutazama klabu, wapate zinazofaa kuingia mashindano ya taifa na kupewa vifaa. Sisi tulikuwa wachezaji kumi na wanane na kofia nne tu. Mmoja akivua, mwingine anaivaa ikiwa bado ina jasho la mwenzake. Unaweza kuelewa tulivyoipokea barua ile. Mwishoni waliomba kitu kimoja: klabu iandae karatasi yenye historia za makocha wake, walizaliwa wapi, walisomea wapi, walifanya kazi gani kabla ya kufundisha.

Bi Ester akaniita. "Elia, wewe una mwandiko mzuri. Utuandikie hiyo karatasi."

"Sawa, Mama. Niandike nini?"

"Tuulize, tutakuambia."

Nikaitika, lakini sikuuliza. Na nitakwambia sababu, ingawa bado inaniumiza kuitamka. Nilikuwa nimesikia sokoni kwamba Bi Ester zamani alikuwa mchukuzi, anabebea watu mizigo kichwani. Na kuhusu Kocha Singano, wazee walikuwa wakinong'ona, nami nikisogea wananyamaza. Nikajiambia, wageni wa mjini wakisikia haya watatudharau. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, baba yangu mzee wa kanisa, nimezoea kuheshimiwa. Kwa kweli aibu niliyoiogopa ilikuwa yangu mwenyewe. Nilitaka kusema nimefundishwa na watu wakubwa.

Nikachukua karatasi ngumu nyeupe, nikapiga mistari kwa rula, nikaandika kwa wino mweusi, herufi zimesimama kama askari. Kwamba Bi Ester alisomea mchezo wa vitara nchini Ufaransa kwa miaka mitatu. Kwamba Kocha Singano ni ofisa mstaafu wa jeshi. Nikairudia kuisoma, nikatabasamu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa asubuhi moja.

Wageni walifika watatu. Mkubwa wao alikuwa mzee mwenye mvi na fimbo, mtaratibu sana. Tulimwamkia shikamoo kwa pamoja, akaitikia marahaba, akaenda moja kwa moja ukutani kusoma. Nilimwona uso unamchangamka. Akageuka, akamwendea Bi Ester mikono miwili mbele, akaanza kumsemesha kwa lugha ambayo hatukuijua hata mmoja wetu.

Ilikuwa Kifaransa. Mzee yule alikuwa ameishi Ufaransa.

Bi Ester akatabasamu kama mtu anavyotabasamu asipoelewa. Mzee akarudia polepole. Mama yule akatutazama sisi, akanitazama mimi, kisha akaenda ukutani. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, darasa la watu wazima, kwa hiyo alisoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikicheza. Alisoma mistari yake, akasoma na ya Singano. Sijui alichukua muda gani. Kwangu ulikuwa mwaka.

Akageuka kwa mgeni. "Baba, uniwie radhi. Huyu aliyeandikwa hapa simjui. Mimi ni Ester wa karibu na Mlalo. Nilikuwa mchukuzi wa kabichi, halafu nikawa mfua nguo nyumbani kwa Bwana Misitu. Alikosa mtu wa kusimama naye akifanya mazoezi, akanipa kitara. Huko ndiko nilikojifunza. Ufaransa sijawahi kufika."

Mzee akauliza, "Na mwenzako? Ni ofisa?"

Tukamtafuta Kocha Singano kwa macho. Alikuwa ameshatoka nje.

Wageni hawakugomba. Ingekuwa afadhali wangegomba. Mzee alifunga daftari lake, akasema, "Klabu inayodanganya kwenye karatasi, nitajuaje kama haidanganyi kwenye mchezo?" Wakaingia garini. Hata chai ya tangawizi iliyokuwa imeandaliwa hawakuigusa.

Wenzangu walinitazama kama mtu aliyechoma ghala la kijiji. Bi Ester akawaambia waende nyumbani. Tukabaki wawili. Akaketi kwenye benchi, akanionyesha nafasi kando yake.

"Ulinionea haya, Elia?"

"Hapana, Mama. Nilitaka kukupa heshima."

"Heshima ya nani? Ile si yangu. Umenivika nguo ya mtu mwingine, nami nimelazimika kuivua mbele ya wageni." Hakupaza sauti. "Hapa tunafundishaje? Ukiguswa, hata mwamuzi asipoona, unafanyaje?"

"Nasema nimeguswa."

"Basi mimi nimeguswa na mengi katika maisha haya, na sijaona sababu ya kukana. Wewe umenikania. Na Singano umemfanyia vibaya zaidi, kwa kuwa hujui umegusa nini." Akasimama, akaibandua karatasi, akanipa mkononi. "Utaandika upya. Safari hii utauliza kwanza. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ujinga ni kukaa na mtu miaka mitatu humjui."

Nilimwambia haina maana tena, wageni wamekwenda. Akanijibu, "Kwani nimekwambia uwaandikie wageni?"

Jumamosi iliyofuata nikapanda gari la Mlalo, nikashuka alikonielekeza, nikatembea mpaka nyumbani kwake. Nilikuwa na daftari na kalamu. Hakutaka kuviona. Alinipa tenga la kabichi, akanitwika kichwani kwa mikono yake, naye akajitwika lake, kubwa kuliko langu. "Twende mpaka sokoni Lukozi. Nitakusimulia njiani."

Mvua ilikuwa imenyesha, na mnaijua njia ya mlimani ikilowa. Udongo mwekundu ule ni kama sabuni. Sikufika hata nusu. Nilianguka mara mbili, na mara ya pili kabichi zangu ziliserereka bondeni moja baada ya nyingine, mimi nazifuata kwa makalio. Watoto waliokuwa wakilima walicheka mpaka wakakaa chini. Bi Ester hakucheka. Alisimama na tenga lake kichwani kana kwamba ni kilemba.

"Tazama mguu," akasema. "Wa mbele unauliza. Wa nyuma hauondoki mpaka wa mbele upate jibu. Uzito uko katikati, magoti hayalali. Miaka kumi na moja nilipita hapa, na mimba mbili nilizipitisha hapa. Bwana Misitu aliponipa kitara, akasema atanifundisha kusimama. Siku ya kwanza tu akaniuliza, nani amekufundisha kusimama hivi?"

Nikamwelewa, mwanangu, nikiwa nimekaa kwenye tope. Usione vyaelea, vimeundwa. Ule msimamo niliokuwa najivunia mbele ya wenzangu, mtindo niliouita wa Ulaya, uliundwa kwenye njia ya kabichi ya kwenda Lukozi.

Kwa Kocha Singano nilikwenda kwa woga zaidi. Nilimwamkia shikamoo, nikamwomba radhi, nikamwambia nimekuja kuuliza. Aliendelea kupangusa kitara kwa kitambaa chenye mafuta. Kisha akasema, "Mimi siwezi kukueleza nikiwa peke yangu. Twende Magoma."

Tuliteremka mlima mpaka Mombo, tukapanda gari jingine, joto likaanza kutupokea, mpaka Magoma. Akanipeleka, si nyumbani kwao, bali kwenye boma la mtu mmoja aitwaye Mzee Hoza. Tulimkuta anapukuchua mahindi kwa mkono mmoja. Mkono wa kulia ulikuwa umekauka, haukunjuki, na kovu lilianzia kwenye kiwiko mpaka karibu na kiganja.

Tulipokaribishwa na kupewa maji, Kocha Singano akasema, macho yake yako kwa mwenzake, "Elia, mkono huu niliukata mimi."

Nilitamani kutoka, lakini nilikaa.

Akasimulia. Walikuwa vijana, wakata mkonge wote wawili, marafiki. Pale ndipo kiganja chake kilipopata ule wepesi, kwa panga la kukatia mkonge, alfajiri hadi jua kali, majani kwa maelfu. Siku moja wakagombana, jambo dogo hata kulitaja ni aibu: nani alisogeza mpaka wa mstari wa mwenzake shambani. Hasira ikampanda na panga liko mkononi. Mwanangu, hasira ni hasara, na panga halisubiri hasira ipoe. Alifungwa miaka minne.

"Nilipotoka," akasema, "nilishindwa kushika kitu chenye makali. Hata majani ya mbuzi nilikuwa nayang'oa kwa mkono. Nikapanda Lushoto, nikapata kazi ya kufagia ile karakana. Nikawaona Bwana Misitu na Ester wanacheza. Waliniita, nikakataa mwaka mzima. Lakini niliona wanasalimiana kabla, wanashikana mikono baada. Nikataka kujua kama mkono huu unaweza kushika chuma na usimdhuru mtu."

Nikamgeukia Mzee Hoza. Nilimuuliza kama aliwahi kumsamehe.

"Aliponijia kwanza nilimfukuza na mbwa," akasema. "Akaja tena, nikamfukuza. Msimu wa kulima ukafika, nina mkono mmoja, nikamwona yuko shambani kwangu analima bila kuniambia. Nikamwacha alime. Mwaka wa pili nikampelekea maji. Neno la kumsamehe sikumbuki nililisema lini." Akacheka kidogo, kisha akakunja uso. "Wewe ndiye mwandishi? Andika yote. Ukificha hili, basi na mimi sikuwepo, na mkono huu nilizaliwa nao."

Niliandika yote. Karatasi ya pili haikuwa nzuri kama ya kwanza. Herufi hazikusimama sawa. Niliibandika palepale. Nakala nikaituma kwa yule mzee wa Dar es Salaam, pamoja na barua ya kukiri kwamba mwongo nilikuwa mimi, si makocha.

Usidhani mambo yalinyooka kwa kusema kweli. Ukweli nao hudai. Habari ya Singano ilienea mjini ndani ya juma moja, na wazazi wakaanza kuwatoa watoto wao. Kutoka kumi na wanane wakabaki sita. Mmoja wa wazazi waliokuja juu alikuwa baba yangu mwenyewe. "Mwanangu hatafundishwa upanga na mtu aliyemkata mtu," akasema, na neno la baba yangu halikuwa na mlango wa nyuma.

Nilikwenda kumwambia Kocha Singano kwa kichwa kilichoinama. Nilidhani atanilaumu. Aliniuliza tu, "Baba yako huwa nyumbani saa ngapi?"

Alikuja Jumapili baada ya ibada, kanzu safi, peke yake. Akaamkia, akakalia kigoda kidogo ingawa viti vilikuwepo. Akasema, "Mzee, sikuja kujitetea. Nimekuja uniulize."

Baba yangu akamuuliza kweli. Aliuliza kama hakimu: ilikuwaje, nani alianza, panga lilikuwa mkono gani, damu ilitoka kiasi gani, alijisikiaje. Singano alijibu kila swali bila kulizunguka. Mama yangu, aliyekuwa jikoni, aliacha kukoroga ugali. Mwishoni baba akasema, "Na leo? Ukikasirika leo, na kile chuma kiko mkononi, unafanyaje?"

"Nakiweka chini," akasema Singano. "Nakiweka chini kwanza, halafu ndiyo nakasirika."

Baba alimwelewa. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa hasira, na mgongo wangu ni shahidi. Akainuka, akamletea kiti cha kuegemea, akamwita mama alete chakula cha watu watatu. Kwangu alisema maneno mawili: "Utarudi kesho."

Nilirudi. Tukawa wanane kwa sababu rafiki yangu Nuru, binti wa Lukozi, naye aliruhusiwa kurudi. Tulifanya mazoezi na kofia zetu nne, tukipokezana, kwenye baridi ile. Bi Ester hakutupa hata siku moja ya kujionea huruma. Alikuwa akisema, "Wanane wanaojua wamesimama juu ya nini wanatosha." Miezi ikapita bila jibu, tukaendelea. Wengine wakarudi mmoja mmoja. Kisha ikaja barua fupi: yule mzee alikuwa ameisoma karatasi ya pili, na alitaka kutuona mashindanoni. Tulikwenda wachezaji wawili, mimi na Nuru, pamoja na makocha wetu. Mimi nilitolewa mapema, nisikufiche. Nuru alifika nusu fainali, na kabla hatujaondoka tulipewa kofia kumi. Yule mzee alimwendea Bi Ester, akamsalimu kwa Kiswahili, akamuuliza habari za kabichi.

Bi Ester ametangulia mbele ya haki, na Kocha Singano pia. Mzee Hoza alikuwa mmoja wa waliomshusha kaburini, kwa ule mkono mmoja. Nami niliporithi kazi yao ilinibidi niongeze historia yangu chini ya zao. Iko ukutani mpaka leo, nendeni mkasome: "Elia, wa Lushoto. Mtoto wa mzee wa kanisa. Ujanani aliwaandikia walimu wake historia za uongo. Aliandika upya." Wageni hucheka wakiisoma. Wacheke, ndiyo yangu.

Nakwambia haya kwa sababu nimesikia kwamba kocha wenu mpya, kijana yule aliyekuwa akiendesha bodaboda, baadhi yenu mnamwita "dereva" akiwapa mgongo. Na nasikia mnamtengenezea maelezo ya kuweka mtandaoni, na mmoja amependekeza mseme alikuwa mwanafunzi wa chuo. Msifanye hivyo. Mwulizeni alijifunza nini kwenye zile kona za kushuka Mombo, na abiria mgongoni na mvua usoni. Mtashangaa.

Shika haya, mwanangu. Mwalimu wako asikufundishe siku hata moja kabla hujamuuliza ametoka wapi. Ukimwona ametoka chini, ujue amebeba kitu mpaka hapo alipofika, na kitu hicho huenda ndicho unachokihitaji. Usimpambe mtu kwa uongo ukadhani unampenda, umemfuta. Kosa lako liandike mwenyewe mapema, kwa mwandiko wako, kwa kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Na ukishasema kweli, usikae kusubiri kupigiwa makofi. Watakaoondoka waache waondoke. Wewe vaa koti, simama, endelea na waliobaki.

Mungu akupe mguu usioteleza na mkono unaojua kuweka chini. Akupe walimu wa kweli, na macho ya kuwatambua wakiwa bado hai. Na itakapofika zamu yako ya kufundisha, akujalie uweze kusomwa wazi mbele ya watu, kichwa chako kiko juu. Amina.